Msomaji Asiyeuzika: Matangazo ya Biashara na Tovuti za Ridhaa Zitazamwapo kutoka Kibondo na Kasulu, 2003–2022

1. Utangulizi

Tovuti ya ridhaa ni ile inayoandikwa na mtu mmoja au kikundi kidogo kwa mapenzi ya jambo lenyewe, isiyomtoza msomaji ada, na ambayo mwandishi wake hana mwajiri anayemlipa kwa kuiandika. Neno ridhaa limeazimwa kutoka michezoni, ambako humtenga anayecheza kwa kupenda na anayecheza kwa mshahara. Tovuti ya namna hii husomwa bure, lakini haitengenezwi bure. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Nafasi ya kuhifadhia kurasa hugharimu. Vifurushi vya intaneti, umeme, kamera na nauli hugharimu. Na juu ya yote hayo kuna muda wa mtu. Swali la kihistoria linalozaliwa hapo ni hili: gharama hizo zimekuwa zikilipwa na nani?

Jibu lililozoeleka ni kwamba hulipwa na matangazo ya biashara. Kwa mujibu wa jibu hilo, msomaji hatoi fedha bali hutoa macho yake; mfanyabiashara huyanunua macho hayo; na mwenye tovuti hupata cha kuendeshea kazi yake. Makala haya yanalipima jibu hilo kwa kulitazama kutoka nyanda za juu za Kigoma, hususan Kibondo na Kasulu, mahali ambapo wasomaji wapo lakini wanunuzi wa macho yao hawaonekani. Hoja inayojengwa ni kwamba matangazo hayakuwahi kuwa mfuko wa jumla wa tovuti za ridhaa nchini Tanzania. Yalikuwa mfuko wa wasomaji wa aina fulani, waliojulikana kwa lugha, mahali na uwezo wa kununua. Penye wasomaji wasio wa aina hiyo, tovuti ililipiwa na mshahara wa mwandishi, na mfadhili, au na kampuni ya mbali iliyotoa nafasi ya bure kwa faida yake yenyewe. Kanuni za mwaka 2018 zilizoweka ada ya leseni zilitungwa kana kwamba mapato ya matangazo yalikuwapo kila mahali, na kwa sababu hiyo uzito wake ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliokuwa mbali zaidi na mapato hayo.

Kipindi kinachojadiliwa kinaanzia mwaka 2003, ulipoanza mfumo wa AdSense wa kampuni ya Google, na kuishia mwaka 2022, ada ya leseni ilipopunguzwa na Mkoa wa Kigoma ulipounganishwa na gridi ya taifa. Ushahidi unaotumika ni kanuni zilizotangazwa, masharti ya mifumo ya matangazo, takwimu za sensa na historia inayojulikana ya tovuti za mwanzo za Kiswahili.

2. Usuli: Uha kama chimbuko la nguvu kazi

Nyanda za juu za Kigoma ndizo Uha ya kale, nchi ya himaya ndogondogo kama Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko. Si kweli kwamba nchi hii haikujua soko. Chumvi ya Uvinza, kusini mwa nyanda hizo, iliwavuta wachuuzi kutoka mbali kabla ya ukoloni, na mazao, mifugo na majembe vilibadilishana mikono kati ya nyanda za juu, pwani ya Ziwa Tanganyika na Burundi. Mabadiliko yalikuja pale uchumi wa kikoloni ulipoipa Uha kazi moja tu kubwa: kutoa watu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika kipindi cha Waingereza, Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa maeneo makuu ya kuandikishia manamba wa mashamba ya mkonge, hasa baada ya wenye mashamba kuunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Mwajiri wa Tanga au Morogoro alimfahamu Muha kama mikono ya kukata mkonge. Hakuwa na haja ya kumfahamu kama mteja.

Baada ya mwaka 1993 mtazamo mwingine uliongezwa juu ya huo. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kulileta wakimbizi wengi Kibondo na Kasulu, na vita vya Kongo vikaleta wengine, waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Nyanda za juu zikajulikana duniani kwa majina ya kambi: Mtabila, Kanembwa, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli. Zilionekana sasa kama mahali pa kupokea msaada. Kutoka kwenye mikono inayoajiriwa hadi midomo inayolishwa, mtu wa nyanda za juu alihesabiwa mara nyingi na watu wa nje, ila hakuhesabiwa kama mnunuzi. Historia hiyo ina uzito katika mjadala huu, kwa kuwa tangazo la biashara huanza na swali moja: huyu anayesoma, atanunua nini?

Mawasiliano ya umma katika eneo hili yalifuata mkondo huohuo. Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi, kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi na wenyeji waliowazunguka. Msingi wake ulikuwa fedha za ufadhili. Kabla yake, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitegemea ruzuku ya serikali, lakini ilikuwa pia na kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki, akasubiri kusikia ikisomwa. Kadi ya salamu inastahili kukumbukwa na mwanahistoria wa fedha za habari, kwa sababu ndani yake msikilizaji hakuuzwa kwa mtu mwingine. Alilipa mwenyewe, kidogo, kwa jambo alilolithamini.

Hata magazeti yaliwahi kukutana na tatizo hili. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na lilibebwa na hazina yake. Kwetu, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1937 na Erica Fiah, mwenye duka aliyezaliwa Uganda, halikuwa na mgongo huo. Ukilinganisha magazeti hayo mawili unaona kwamba suala la nani anasema nchini limefungamana na suala la nani analipia karatasi tangu mapema sana. Intaneti ilipokuja iliahidi kuondoa gharama ya karatasi. Suala la mlipaji lilibaki palepale.

3. Jinsi tangazo linavyolipa

Ili kuona kwa nini ahadi ya matangazo ilifika Kasulu ikiwa pungufu, ni lazima kueleza inavyofanya kazi. Tovuti za ridhaa zilianza kupata makazi ya bure nchini Marekani katikati ya miaka ya 1990. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, ilimpa mtu yeyote nafasi ya kuweka kurasa zake, kisha ikaweka matangazo juu ya kurasa hizo. Fedha za matangazo hayo zilikwenda kwa mwenye nyumba, na mwandishi akabaki na nafasi ya bure. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999 na kuifunga nchini Marekani mwaka 2009. Kurasa nyingi za watu binafsi zilitoweka, isipokuwa zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili.

Mwaka 2003 Google ilifanya mambo mawili. Iliinunua Blogger, huduma ya kuchapisha blogu bila malipo, na ikaanzisha AdSense, mfumo uliomwezesha mwenye tovuti ndogo kupata mgawo wa fedha za matangazo. Kila ukurasa unapofunguliwa, mfumo hufanya mnada mdogo: hupima maneno yaliyomo, lugha yake na mahali alipo msomaji, kisha huonyesha tangazo la mnunuzi aliyeshinda. Mwaka 2010 Google ilitangaza kwamba mwenye tovuti hupata asilimia 68 ya fedha za matangazo yanayowekwa katika kurasa zake.

Utaratibu huo ulikuwa na vizingiti vitatu, na kila kimoja kilikuwa kirefu zaidi kadiri mtu alivyokaa mbali na jiji. Cha kwanza ni lugha. Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha za mwanzo za mfumo huo, na masharti yake yalikataza kuweka msimbo wa matangazo katika kurasa ambazo sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya lugha isiyomo katika orodha. Mwandishi aliyetaka kuwahudumia wasomaji wa Kasulu kwa lugha yao alijikuta, kwa kitendo hichohicho, nje ya mlango. Cha pili ni malipo. Fedha hazitoki mpaka zifike dola 100 za Marekani, na kabla ya hapo anwani ya mwenye akaunti huthibitishwa kwa namba inayotumwa kwa posta. Katika wilaya ambako barua za watu wengi hupitia sanduku la posta la shule, parokia au halmashauri, kitu kinachoitwa anwani ya mtu binafsi si jambo la kuchukuliwa kuwa la kawaida. Cha tatu ni bei ya msomaji mwenyewe. Mnada hupanda pale wauzaji wengi wanapomgombea msomaji mmoja. Anayesoma akiwa London hugombewa na benki, mashirika ya ndege na wauza bima. Anayesoma akiwa Kibondo hana wa kumgombea, hata kama amesoma ukurasa huohuo kwa makini zaidi.

Ingeweza kudaiwa kwamba pengo hilo lingezibwa na wafanyabiashara wa hapohapo. Uchunguzi wa biashara za nyanda za juu haupi dai hilo nguvu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini huwafahamu wateja wake kwa kuwaona wakipita. Mnunuzi wa maharage, mihogo, kahawa au asali hukutana na wakulima magulioni na katika masoko ya ujirani mwema yaliyo mpakani na Burundi. Anapohitaji kutangaza, gari la matangazo lenye vipaza sauti humfikia mtu asiye na simu, na redio humfikia aliye shambani. Mfanyabiashara wa namna hiyo anapoacha kutangaza katika tovuti, haonyeshi kukosa maarifa ya kisasa. Amepiga hesabu akaona hailipi. Taarifa ambayo mkulima anaihitaji sana, kama bei ya gunia la maharage katika gulio la jirani, ndiyo ambayo hakuna muuzaji yeyote anayenufaika kuilipia.

4. Waliolipa tovuti za mwanzo za Kiswahili

Historia ya tovuti za ridhaa za Kiswahili huanzishwa kwa kawaida na Jikomboe ya Ndesanjo Macha, iliyotokea mwaka 2004 na ambayo hutajwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Macha, aliyekuwa akiishi ng’ambo, alihimiza wengine waandike na alishiriki pia katika miaka ya mwanzo ya Wikipedia ya Kiswahili. Septemba 2005, akiwa Helsinki, Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alianzisha blogu yake kwa msaada wa Macha. Katika miaka iliyofuata, Michuzi Blog ikawa miongoni mwa kurasa zilizosomwa sana na Watanzania waishio nchini na ng’ambo, na baadaye ikazaa kampuni. Huko Iringa, Maggid Mjengwa alionyesha kwamba mtu anaweza kuandika kutoka mikoani na akasomwa nchi nzima.

Mifano hii hutumiwa kuthibitisha kwamba matangazo hulipa. Ni kweli kwamba tovuti zilizofanikiwa zilipata matangazo, tena mara nyingi kwa makubaliano ya moja kwa moja na kampuni za simu, mabenki na taasisi, bila kupitia mnada wa Google. Hata hivyo, mpangilio wa matukio unaeleza jambo jingine. Tovuti ilikuwapo kwanza, tangazo lilifuata. Katika kipindi cha katikati, kazi ilibebwa na mshahara uliopatikana kwingine. Mpiga picha wa gazeti alikuwa tayari na kamera, ajira, na ruhusa ya kuingia mahali penye matukio. Mwanafunzi au mwandishi wa ng’ambo alikuwa na umeme usiokatika na intaneti ya bei nafuu. Matangazo yalikuja kulipia kitu ambacho mshahara ulikuwa umekwisha kukijenga, na yaliwafuata wasomaji waliokuwa na thamani kwa watoa matangazo: wakazi wa Dar es Salaam na Watanzania wa Ulaya na Marekani.

Mkoa wa Kigoma wenyewe unatoa mfano wa namna nyingine. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kuanzia 2005 hadi 2015, aliendesha blogu yake katika huduma ya bure ya WordPress, akichapisha hotuba na maoni yake. Huduma hiyo huweza kuonyesha matangazo katika kurasa za bure, lakini mapato yake ni ya kampuni inayotoa nafasi, kama ilivyokuwa kwa GeoCities. Mwandishi wa ukurasa kama huo hulipwa kwa sarafu nyingine: sifa, ushawishi, kura. Malipo hayo humfaa mwanasiasa. Hayamfai mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuandika historia ya kijiji chake.

Njia ya tatu ni kukataa matangazo kabisa. Mwaka 2002 wahariri wa Wikipedia ya Kihispania walijitenga na kuunda ensaiklopidia yao baada ya kusikia kwamba huenda matangazo yangewekwa. Wikipedia imebaki bila matangazo hadi leo, ikiendeshwa kwa michango, na toleo la Kiswahili linanufaika na uamuzi huo. Kwa msomaji wa Kibondo, maana yake ni kwamba makala anayosoma bure yamelipiwa na wachangiaji wa nchi nyingine. Ni jambo jema, lakini linarejea palepale: mlipaji yuko mbali, na kinachohifadhiwa ni kile kinachotambulika kutoka mbali.

5. Kasulu: intaneti ya ufadhili

Kasulu haikuchelewa kuifahamu intaneti kama inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Global Catalyst Foundation ya Marekani ilifadhili mradi wa kompyuta na intaneti uliohusisha Chuo cha Ualimu Kasulu na kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Wakati huo mkonga wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar es Salaam. Ulifika mwaka 2009. Umeme wa gridi ulikuwa haujafika Kigoma. Hata hivyo, wanachuo wa ualimu na vijana wa Burundi waliokuwa kambini waliweza kukaa mbele ya kompyuta na kuandikiana na ulimwengu, kabla ya wakazi wengi wa miji mikubwa zaidi ya Tanzania.

Funzo la mradi huo ni namna fedha za ufadhili zinavyoamua urefu wa maisha ya kitu. Ufadhili hauulizi kama msomaji atanunua. Huuliza kama anahitaji. Kwa hiyo huwafikia watu ambao mnada wa matangazo huwapita. Lakini hitaji hilo hupimwa na mfadhili, na hudumu maadamu sababu yake inadumu. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na wakazi wake wakarejeshwa Burundi. Baada ya machafuko ya kisiasa ya Burundi ya mwaka 2015, kambi za Nduta na Mtendeli zilifunguliwa tena, na taarifa za mashirika zikaongezeka mtandaoni upya. Sauti ya nyanda za juu katika intaneti hupanda na kushuka kwa kufuata dharura, na haifuati maisha ya kawaida ya wakazi wake.

Miundombinu nayo iliongeza bei ya ridhaa. Mpaka mwaka 2022 umeme wa Kasulu na Kibondo ulitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mwandishi alilazimika kuchaji simu panapowezekana na kununua kifurushi kwa fedha ya matumizi ya nyumbani. Kuanza kwa M-Pesa mwaka 2008, na huduma nyingine za aina hiyo, kuliondoa tatizo moja muhimu: sasa mtu wa Kibondo angeweza kupokea malipo madogo kutoka popote nchini bila akaunti ya benki. Kitaalamu, njia ya kurudisha utaratibu wa kadi ya salamu, yaani msomaji kulipa kidogo moja kwa moja, ilikuwa imefunguka. Mifumo mikubwa ya matangazo haikujengwa juu ya njia hiyo. Ilibaki na hundi, benki na kizingiti cha dola 100.

6. Ada ya mwaka 2018

Tarehe 16 Machi 2018 zilitangazwa Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (Maudhui Mtandaoni), Tangazo la Serikali Na. 133. Ziliwataka watoa maudhui mtandaoni, blogu zikiwamo, wapate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000. Ada ya leseni, shilingi 1,000,000. Na ada ya mwaka, shilingi 1,000,000. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwombaji alitakiwa kueleza, pamoja na mambo mengine, makadirio ya gharama za uwekezaji, sifa za wafanyakazi na uthibitisho wa mlipakodi. Kanuni hazikumtofautisha anayechapisha kwa faida na anayechapisha kwa ridhaa.

Mashirika ya kutetea haki na ya wanahabari yalifungua shauri katika Mahakama Kuu, Mtwara. Zuio la muda lilitolewa mwanzoni mwa Mei 2018, na shauri likatupwa mwishoni mwa mwezi huo. Juni 2018 wasio na leseni waliamriwa kuacha kuchapisha, na JamiiForums ikasimamisha huduma zake kwa muda. Mjadala wa wakati huo ulijikita, kwa haki kabisa, katika uhuru wa kutoa maoni. Upande wa hesabu ulipata nafasi ndogo zaidi, ingawa ndio unaoonyesha wazi mzigo ulivyogawanyika.

Jumla ya shilingi 2,100,000 kwa mwaka wa kwanza ilikuwa sawa na takriban dola 925 kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo. Ichukuliwe, kwa ajili ya kielelezo tu, kwamba ukurasa ukifunguliwa mara 1,000 humletea mwenye tovuti dola 1. Tovuti ingehitaji kufunguliwa mara 925,000 katika mwaka ili kulipa leseni peke yake, kabla ya senti moja ya umeme, kifurushi au nauli. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 261,331 katika Wilaya ya Kibondo. Kila mmoja wao, watoto wachanga wakiwamo, angelazimika kufungua ukurasa huo zaidi ya mara tatu. Kwa tovuti ya kitaifa yenye wasomaji wa Dar es Salaam na ng’ambo, hesabu hiyo ni ngumu lakini inawezekana. Kwa tovuti inayoandika kuhusu Kibondo kwa ajili ya Kibondo, haiwezekani.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, YouTube ilikuwa imetangaza kwamba chaneli isiyofikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 haitapata mgawo wa matangazo. Hatua hizo mbili hazikuwa na uhusiano. Moja ilitoka California na nyingine Dodoma, kwa sababu tofauti kabisa. Lakini kwa mchapishaji mdogo zilifika pamoja, ndani ya miezi mitatu: upande mmoja mapato yaliondolewa kwa kuwa yeye ni mdogo mno kuitwa mfanyabiashara, na upande wa pili akatozwa ada kwa kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara.

Utetezi wa kanuni hizo hauna budi kuelezwa kwa haki. Serikali ilikuwa na hoja kwamba waliokuwa wakipata fedha kutokana na maudhui walipaswa kujulikana na kulipa kodi kama wafanyabiashara wengine, na kwamba watu waliochafuliwa majina yao walihitaji mtu wa kumshtaki. Hoja zote mbili zina mantiki kwa tovuti ya biashara. Hata hivyo, usajili usio na ada ungeweza kutimiza la pili, na kodi ya mapato, inayotozwa palipo na mapato, ingeweza kutimiza la kwanza. Ada isiyobadilika hutozwa hata pasipo na mapato, na hapo ndipo ilipomwondoa mtu wa ridhaa.

Kanuni mpya zilichukua nafasi ya zile za 2018 mwezi Julai 2020, na mabadiliko ya mwaka 2022 yakaishusha ada ya leseni hadi shilingi 500,000. Kushushwa huko ni ukiri wa kisera kwamba kiwango cha awali kilikuwa kikubwa. Kwa kipimo cha Kibondo, hata nusu ya kiwango hicho inabaki kuwa fedha nyingi kwa jambo lisiloingiza kitu.

7. Matokeo kwa kumbukumbu

Mtu anaweza kusema kwamba hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa walioacha tovuti walihamia katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, ambako kuandika hakuna ada. Kwa mawasiliano ya kila siku, jibu hilo linatosha. Habari ya msiba, ajali au mvua ya mawe hufika upesi zaidi kwa njia hiyo. Kwa kumbukumbu halitoshi. Kundi la WhatsApp halisomwi na asiye mwanachama, na simu inapopotea au kuharibika, maandishi hupotea nayo.

Wakati huohuo, nyaraka za watu wa nje zimedumu. Mwanahistoria wa mwaka 2050 atakayetaka kuandika kuhusu Nduta au Nyarugusu atapata ripoti za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, zikiwa zimepangwa kwa tarehe na kuhifadhiwa katika hazina kama ReliefWeb, inayoendeshwa na Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1996. Atajua idadi ya mahema, lita za maji na kilo za mgawo. Akitaka kujua mwenyeji wa kijiji jirani alivyouona mgawo huo, bei ya muhogo ilivyopanda, au kijana wa Kasulu alivyoisimulia siku gridi ilipofika, atategemea bahati. Kama zamani ripoti za mwandikishaji wa manamba zilivyogeuka chanzo kikuu cha historia ya safari za Waha, ndivyo ripoti za mfadhili zinavyoelekea kuwa chanzo kikuu cha historia ya nyanda za juu katika zama za intaneti.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba matangazo ya biashara yalikuwa mfuko wa tovuti za ridhaa pale tu msomaji alipokuwa na thamani kwa muuzaji aliyeweza kumwona. Vizingiti vya lugha, malipo na bei ya msomaji viliwaacha nje waandishi wa Kibondo na Kasulu kabla ya sheria yoyote kutungwa, na historia ya eneo hilo, iliyowafanya wakazi wake wahesabiwe kama nguvu kazi na kisha kama wapokea msaada, ndiyo inayoeleza kwa nini hawakuonekana. Kanuni za 2018 hazikuunda pengo hilo. Zilidhani halipo, na kwa kudhani hivyo zikalipanua.

Mambo mawili yanafuata kutokana na matokeo haya. La kwanza linahusu sera: tovuti isiyo na mapato inastahili usajili usio na ada, na utambuzi wake si mgumu, kwa sababu mamlaka ya kodi tayari hutofautisha mwenye mapato na asiye nayo. La pili linahusu maktaba na vyuo vikuu. Nakala za vitabu na magazeti yanayochapwa nchini huwekwa katika maktaba ya taifa kwa mujibu wa sheria, bila kuulizwa kama chapisho lilileta faida. Msingi huohuo unaweza kutumika kwa kurasa za mtandaoni zinazoandikwa wilayani, kwa kuanza na zile ambazo waandishi wake bado wapo na wanaweza kutoa nakala kwa hiari. Kazi hiyo haihitaji tangazo wala mnada. Inahitaji diski, mkutubi na orodha, na inahitaji kuanza kabla simu na kompyuta zilizohifadhi maandishi hayo hazijaharibika.